Mkutano wa Jumamosi: riwaya za wanawake wafanyakazi

Ndugu wanakikundi, habari za leo.

Tutakutana Jumamosi saa 10 jioni, mahali petu pa kawaida, ili tuunganishe orodha za riwaya za zamani ambazo wanawake waliandika kuhusu wanawake wenzao walio kazini. Tayari tunayo Ruth ya Elizabeth Gaskell (1853), inayoanzia katika chumba cha washonaji wanaokesha na sindano, na Work ya Louisa May Alcott (1873), ambayo kwangu ni hazina.

1. Kila mmoja alete kitabu kimoja. Hata kilichochakaa kinapokelewa, mradi ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa uwepo.
2. Tafadhali msifute majina yaliyoandikwa ndani na wasomaji waliotangulia.

Naomba mthibitishe hapa kabla ya Alhamisi jioni, mkitaja kitabu mtakacholeta, ili tusirudie.