Meseji zisizohusu mali zisisomwe mahakamani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya meseji za simu zinazopelekwa mahakamani pale watu walioishi pamoja bila ndoa wanapogombea mali.

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi hapa Uyole. Mzigo wangu mwingi hutoka Isyonje. Niliishi kinyumba na mwanaume kwa miaka mingi, tukajenga nyumba na kununua shamba. Tulipoachana, shauri likafika mahakamani, na mwenzangu akaja na rundo la karatasi zilizochapwa kutoka WhatsApp. Humo mlikuwa na mazungumzo yangu na mdogo wangu kuhusu mimba iliyoharibika na yale daktari aliyoniambia. Aliyatoa kwenye simu ya zamani niliyoiacha kabatini. Yakasomwa kwa sauti, na kati ya waliokaa kwenye mabenchi walikuwemo watu wanaonunua viazi kwangu. Hakuna hata mstari mmoja uliotaja tofali, bati wala kiwanja.

Sisemi meseji zipigwe marufuku. Sisi tusio na cheti cha ndoa ndio tunaozihitaji kuliko wote. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inatuchukulia kuwa mke na mume tukiwa tumeishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakatujua hivyo, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa. Na hupingwa kweli! Kifungu cha 114 nacho kinataka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Sasa kiwanja kina jina lake. Risiti za saruji zina jina lake, maana yeye ndiye aliyekwenda dukani, mimi niko sokoni. Nilichobaki nacho ni meseji: "Nimekutumia laki tatu ya nondo." Naye akajibu: "Imeingia, fundi anaanza kesho." Na muamala wa siku hiyo upo. Kupika, kulea na kumuuguza havina risiti kabisa, ingawa Mahakama ya Rufani ilishakubali mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango.

Kwa hiyo meseji ya nondo isomwe, ya mimba ibaki kwangu. Anayetaka kuleta mazungumzo aonyeshe kwanza kila ujumbe unathibitisha jambo gani: fedha, mali, watoto, au muda tulioishi pamoja. Hakimu aupitie ofisini kwake, pande zote mbili zikiwepo, kabla haujasomwa mbele ya watu. Ujumbe ukiwa umechanganya bei ya bati na habari za ugonjwa, habari za ugonjwa zifunikwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama ipime kama ushahidi wa namna hii unaaminika, umetunzwaje, haujachezewa. Ni sawa. Lakini ujumbe unaweza kuwa wa kweli neno kwa neno na usihusike hata kidogo na nyumba inayogombewa. Na mdogo wangu, ambaye si mdai wala mdaiwa, ibara ya 16 ya Katiba inayolinda mawasiliano ya binafsi imemsaidia nini?

Ninayo mazungumzo ya mwenzangu na mama yake kuhusu maradhi ya mama huyo. Nimeshauriwa niyatumie kumkomoa. Sitayatoa, mama yule hakujenga wala hakubomoa kitu katika shauri letu.

Jirani yangu alikuwa na hoja nzito juu ya mashine ya kusaga aliyonunua pamoja na mwanaume aliyekuwa akiishi naye. Alipoambiwa picha na meseji zake zitaletwa, aliacha madai. Mashine inasaga mpaka leo, na senti haimfikii.

Mabaraza ya usuluhishi yanaweza kuanza sasa hivi: tunapofika kwao, watuambie tulete taarifa za benki na za miamala ya simu, na mazungumzo yanayohusu fedha hizo. Mengine tuyaache nyumbani.

Mfanyabiashara wa viazi,
Uyole, Mbeya