Ndugu wa marehemu pia ni mwathiriwa

Mhariri,

Kaka yangu aliuawa hapa Nakuru miaka 9 iliyopita. Waombolezaji walinishika mkono wakaniambia, "Jikaze, mtunze mama." Hakuna aliyeniuliza mimi nalalaje. Hadi leo, pikipiki ikizima injini langoni usiku, nashtuka na kuhesabu watoto vitandani. Koti lake bado limening'inia nyuma ya mlango. Mama hakubali lifuliwe.

Kesi iliahirishwa mara nyingi, na kila mara ni kama tulimzika upya. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inatupa nafasi ya kueleza mahakamani tulivyoumia. Hatukuambiwa. Nawasihi machifu na viongozi wa mashtaka: zielezeni familia mapema, na muwaulize ndugu pia, hasa wale wadogo wanaonyamaza.

Dada mtu,
Nakuru