Safari ya Ngao ya Jamii, Jumatano 23 Agosti 2017

Wanakikundi, habari za jioni!

Bingwa wa ligi Yanga, mwenye Kombe la FA Simba, na ndio wanaokutana kwenye mechi hii ya kufungua msimu. Safari hii Ngao imepata wenyewe. Msimu uliopita walimaliza pointi 68 kwa 68, watu wa Jangwani (Yanga) wakabeba kwa tofauti ya mabao, na Msimbazi (Simba) hawajanyamaza hadi leo. Halafu kuna kiungo Niyonzima, aliyehama mtaa kutoka Yanga kwenda Simba. Jamani, mnategemea nibaki Morogoro?

1. Kosta inaondoka Msamvu saa 2 kamili asubuhi. Siyo saa 2 na "nipo njiani".

2. Mchango ni 25,000 kwa kichwa: nauli kwenda na kurudi, tiketi ya mzunguko na maji. Chakula kila mtu na mfuko wake. Tumeni kwa mweka hazina kabla ya Jumapili saa 12 jioni, maana tiketi tunanunua mapema.

3. Ni siku ya kazi, ombeni ruhusa kesho. Udhuru wa msiba umeshatumika sana humu.

4. Jezi vaeni mtakazo, ila tukifika Uwanja wa Taifa, Dar, tunagawanyika, kila mtu na jukwaa la timu yake. Mechi ikiisha tukutane kwenye gari. Ikienda matuta tutachelewa, waambieni nyumbani.

Nafasi ni 28 tu. Andika NIPO au SIPO, na timu yako, leo kabla ya saa 4 usiku. Kimya nitahesabu haupo.

Mama Zawadi, lile turubai la mvua bado unalo?