Ndevu zako za katani

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam kwako, shemeji na watoto. Mimi mzima, ila baridi ya huku Padova inanionea.

Jumapili nilipanda treni hadi Venisi, na njia nzima nilikuwa nawaza zile ndevu zako za katani. Unakumbuka tulivyoigiza bwaloni kesi ya Shylock, yule Myahudi mkopeshaji wa Shakespeare anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake? Ulinoa kisu kwenye soli ya kiatu, shule nzima ikakuzomea.

Nimeuona mtaa waliofungiwa Wayahudi tangu 1516. Unaitwa Ghetto, ndiko lilikotoka neno letu la geto, ingawa vijana wa Dar wanaita hivyo chumba cha raha zao. Nyumba ni ndefu, ghorofa juu ya ghorofa, maana watu waliongezeka na nafasi ni ileile. Usiku malango yalifungwa, na mishahara ya walinzi walilipa haohao waliofungiwa! Mchana walivaa alama ya rangi wajulikane. Kumiliki ardhi marufuku, ufundi mwingi marufuku. Wakaachiwa kukopesha, kisha wakachukiwa kwa kukopesha. Ukutani pana kumbukumbu ya waliokamatwa na kupelekwa kuuawa. Mji huu ulipoteza zaidi ya 200 katika 1943 na 1944. Mwaka huohuo wa 1943, Wanazi walimpandisha Shylock jukwaani Vienna ili watu wamcheke.

Sisi tulimcheka kwa sababu nyingine, au ndivyo nilivyokuwa nikijifariji. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ile aliiita Mabepari wa Venisi, 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Bepari, ambaye zamani alikuwa mfanyabiashara tu, alikuwa keshageuka kupe. Lakini Mwalimu kaandika mabepari, wengi! Antonio, yule mdeni mwenye merikebu zake, naye yumo. Mbona tulimzomea mmoja?

Halafu lile sharti la mwisho, kwamba Shylock abatizwe. Nimelisoma tena kwenye treni nikirudi. Linatoka kinywani mwa Antonio, Hamisi, yaani mimi. Nililitamka kwa sauti ya padri, nikapigiwa makofi, na aliyepiga magoti mbele yangu ni wewe, mtoto wa Kiislamu. Pazia lilipofungwa ulivua ndevu ukaenda kuswali magharibi, wala sikukuuliza kitu.

Leo nakuuliza. Nijibu kwa barua, si kwa simu.

Wako,
Antonio wa bwaloni