Harambee ya Bendera za Maskauti Wetu, Kisumu

Wazazi, wazee wetu, wanafunzi wa zamani na majirani wote wa shule, hamjambo?

Tunawaomba mtushike mkono tuchange shilingi 76,000, ili maskauti wetu 32 wa daraja la Chipukizi wapate bendera za semafori, darubini mbili, na siku nzima ya mazoezi ufukweni Dunga. Kila shilingi itaelezwa hapa chini. Lakini kuna wazazi waliotuuliza kama watoto wanafundishwa gwaride au mchezo, nao wanastahili jibu kwanza.

Semafori ni kuandika kwa mikono. Mtoto anashika bendera mbili, moja kila mkono, na kila herufi ina mkao wake. Herufi saba za mwanzo, A hadi G, zinatumia mkono mmoja tu, ule mwingine ukitulia chini. Hapo Kiswahili kimetubariki kwelikweli, maana mtoto akizijua hizo saba tayari anaweza kutuma BABA, DADA na BEBA. Mngewaona wadogo wetu waliposoma DADA kutoka goli la pili la uwanja wa mpira, wakaitamka wote kwa sauti moja! Baada ya hapo zinakuja herufi za mikono miwili. Kwa R unanyoosha yote pembeni. Kwa U unaiinua yote juu ikiwa imetanuka, na kwa N unaitanua vivyo hivyo, ila chini.

Ugumu uko kwa anayesoma. Anamtazama mwenzake uso kwa uso, kwa hiyo mkono wa kulia wa mtumaji uko kushoto kwake. Akisahau hilo, BABA anaiandika FGFG. Ndiyo maana wanafanya kazi wawili wawili: mmoja anatazama bila kuondoa macho na kutaja herufi, mwingine anaandika. Hakuna anayeruhusiwa kubahatisha neno kabla halijaisha. Tuna watoto ambao darasani hawatulii hata dakika tano, na hapa wanamsubiri mwenzao hadi herufi ya mwisho. Kwa hilo peke yake, sisi walimu tungeomba harambee hii.

Sasa hivi wanatumia vitambaa vya magunia ya unga vilivyofungwa kwenye vijiti vya mpera. Rangi zimepauka, na ukisimama ng'ambo ya uwanja jua likiwa kali huoni kitu. Bendera za majini huwa nyekundu na manjano, zimegawanywa kwa mshazari. Za nchi kavu ni nyeupe na buluu. Tumechagua za majini kwa sababu sisi ni watu wa ziwa. Tunataka kikosi kimoja kisimame ufukweni na kingine kiwe ndani ya boti, watumiane ujumbe huku boti ikiyumba.

Kuna atakayesema simu zipo. Zipo, na hatuna nia ya kuziondoa. Ila kila familia ya wavuvi hapa inajua simu iliyoingia maji au iliyoisha chaji katikati ya ziwa. Bendera haihitaji mtandao. Usiku haifai kitu, na mvua kubwa ikinyesha ni vivyo hivyo. Hayo pia tunawafundisha, ili mtoto ajue lini ategemee nini.

Uskauti uko Kenya tangu 1910, na mwasisi wake, Baden-Powell, alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa huko huko. Watoto wanalijua hilo. Lililowashangaza zaidi ni ile alama ya amani wanayoiona kwenye fulana na matatu. Gerald Holtom aliichora Uingereza mwaka 1958 kwa kuweka N na D za semafori ndani ya duara, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayodai silaha za nyuklia ziondolewe. Siku hiyo nusu ya daftari zao zilijaa duara hilo.

Matumizi ni haya. Jozi 16 za bendera, zikishonwa na fundi wa soko la Kibuye, ni shilingi 12,000. Darubini mbili ni 18,000. Boti mbili pamoja na jaketi za kuokolea maisha ni 20,000, basi 12,000, na chakula cha mchana 14,000. Pesa zisipotosha, tutafanyia mazoezi yote ufukweni. Mtoto hataingia botini bila jaketi, hilo halina mjadala.

Mchango utumwe kwa paybill ileile ya karo, na kwenye sehemu ya akaunti uandike SKAUTI ili usichanganywe na karo. Watoto pia wamepewa kadi za harambee; tafadhali hakikisha kila anayechanga ameandikwa jina na kiasi mbele yake. Asiye na pesa alete kitambaa chekundu au cha manjano kisichochuja rangi, fimbo nyepesi za mianzi, au unga na samaki wa siku ya Dunga. Akina mama wawili wamejitolea kupika, wanahitaji wenzao watatu.

Fomu ya ruhusa ya kupanda boti iko kwa mwalimu wa skauti. Mzazi aje aisaini mwenyewe, asimtume mtoto.