Barua ya wazi kwa madaktari vijana wanaopanga orodha ya Match

Wanangu wapendwa, madaktari mliosomea Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Nairobi, Eldoret, Kampala na kwingineko, ambao sasa mmemaliza usaili wa kutafuta nafasi za ubingwa Marekani,

Nawasalimu, na nawapa pole kwa safari ndefu mliyokwisha kuipita. Mitihani mmeifaulu, vyeti vyenu vimehakikiwa na ECFMG, taasisi ya Marekani inayokagua madaktari waliosomea nje, na kwa miezi kadhaa mmekaa mbele ya kamera mkiwa mmevaa koti na tai, wengine usiku wa manane kwa saa za nyumbani. Kilichobaki ni orodha ya Match, mfumo unaowalinganisha waombaji na programu, yaani mafunzo ya ubingwa ya kila hospitali: mzipange kwa mfuatano, ya kwanza hadi ya mwisho. Kila mwaka majira haya napigiwa simu na vijana wetu, na karibu wote huniuliza jambo moja: "Shikamoo daktari, hii programu naipenda kuliko zote, lakini sidhani kama watanichukua, niiweke ya kwanza, au nitapoteza nafasi yangu kwingine?" Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, kwa sababu hofu iliyomo ndani ya swali hilo haina msingi, nayo imeharibu orodha nyingi, ikiwemo yangu.

Mfumo wa Match ulianza mwaka 1952, na kanuni ya hesabu inayotumika leo ilianza kazi mwaka 1998 baada ya kurekebishwa na mwanauchumi Alvin Roth na mwenzake Elliott Peranson ili mwombaji ndiye atangulie. Mzizi wa kanuni hiyo ni andiko la mwaka 1962 la wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley, ambao walilieleza jambo lenyewe kwa mfano wa ndoa, na sisi watu wa posa na washenga tuna kila sababu ya kulielewa haraka. Chukulieni kwamba kompyuta ni mshenga wenu. Anaanza kwa kupeleka posa yako kwenye programu uliyoiweka ya kwanza. Ikiwa programu hiyo imekuandika kwenye orodha yake na bado ina nafasi, inakushika, lakini haifungi ndoa. Akija mwingine ambaye wao wamempanga juu yako na nafasi zimejaa, wewe unaachiwa, na mshenga anaipeleka posa yako kwa programu yako ya pili. Hapa ndipo wengi hukosea. Programu ya pili haijui kwamba ulianza kwingine, wala haikuadhibu kwa kuchelewa. Inakutazama kwa namba waliyokupa wao wenyewe, na kama walikupanga juu ya mtu waliyekwisha kumshika, yeye anaachiwa na wewe unaingia. Ndoa zote hufungwa mwishoni, posa zote zikiisha.

Kwa hiyo, mwanangu unayetamani hospitali kubwa iliyokuhoji mara moja ikakaa kimya, iweke ya kwanza ikiwa kweli ndiko unakotaka kwenda. Wakikukataa, unafika kwa wa pili ukiwa na haki ile ile ambayo ungekuwa nayo kama ungeanza kwake.

Mimi sikuyafuata haya. Mwaka 2001, wiki mbili kabla ya orodha kufungwa, nilipigiwa simu na kiongozi wa programu moja, akaniambia kwa sauti ya upole kwamba wananitaka sana na kwamba angefurahi kuniona Julai, mafunzo yanapoanza. Nilikuwa nimeipanga ya tatu. Usiku ule niliipandisha ikawa ya kwanza, nikiona kwamba kupendwa ni bora kuliko kupenda. Nilipata nafasi hapo, kama ilivyotarajiwa. Julai hiyo niligundua kwamba usiku tulikuwa tunaachwa peke yetu wodini, na kwamba kumpigia daktari bingwa saa nane za usiku kulihesabiwa kuwa udhaifu. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa anapumua kwa shida, mkono wake umeshika mkono wa koti langu, nami nimesimama na simu nikijiuliza kama nipige au nisipige. Nilipiga, na mama alipona, lakini ile dakika ya kusita haikupaswa kuwepo katika hospitali ya mafunzo. Miaka mitatu baadaye, kwenye mkutano wa madaktari, mtu wa ile programu niliyokuwa nimeipenda kwanza aliniambia kwamba walikuwa wamenipanga juu kabisa na walishangaa kutoniona. Sijawahi kuisahau sentensi ile.

Ndiyo maana nawaomba mtu yeyote asiwashawishi kwa simu au barua pepe tamu. Maneno ya namna ile hayamfungi aliyeyasema. Kanuni za NRMP, taasisi inayoendesha mfumo huu, haziruhusu programu kukushurutisha useme utawapanga wapi, na hakuna programu inayoiona orodha yako. Jibuni kwa adabu, shukuruni, kisha mrudi kwenye orodha mliyoiandika kabla simu haijalia.

Sasa, mpime nini? Mimi naanza na usiku. Siku hizi kuna ukomo wa saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, uliowekwa mwaka 2003, lakini idadi ya saa haikuambii nani yuko nawe ndani ya saa hizo. Rudini kwenye daftari zenu za usaili mtazame madaktari wa mwaka wa kwanza walisema nini mlipowauliza: jana usiku nani alikuwa zamu, alikuwa na wagonjwa wangapi, na alipokwama alimpigia nani? Ikiwa mliona wakitazamana kabla ya kujibu, kumbukeni hilo kuliko picha za jengo jipya. Kama hamkuuliza, bado hamjachelewa; mwandikieni mmoja wao leo. Kisha tazameni kama wanaomaliza hufaulu mtihani wa bodi, ule wa kuthibitishwa kuwa bingwa. Kwa magonjwa ya ndani, ABIM, bodi ya Marekani ya fani hiyo, huchapisha viwango vya kufaulu vya kila programu, na hilo ni jambo la kusoma, si la kukisia. Jina kubwa nalo lina faida yake, hasa kwa anayetaka kuendelea na moyo, figo au saratani, ila lina faida kwa yule aliyefundishwa na akatoka mzima.

Viza ipimeni kabla ya jina. Programu nyingi huchukua J-1 tu, viza ya wanaokuja kwa mafunzo, ambayo ECFMG ndiyo inayoidhamini, na wizara ya afya ya nchi yako hutakiwa kuandika barua ya kueleza kwamba nchi inahitaji utaalamu huo. Ukimaliza, unatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili, au upate msamaha wa sharti hilo, kwa mfano kupitia mpango wa Conrad, ambao kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka na daktari hutumikia miaka mitatu mahali penye uhaba wa madaktari. H-1B, viza ya kazi, haina sharti la kurudi, lakini hudai uwe umefaulu Step 3, sehemu ya mwisho ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, na masharti yake hubadilika. Waulizeni wahusika wa programu kwa maandishi, mwaka huu, wala msitegemee jibu alilopewa kaka yenu miaka mitatu iliyopita. Na kama ndani ya programu kuna rezidenti, yaani daktari aliye mafunzoni, aliyetoka Afrika Mashariki au kokote Afrika, mpigieni. Atawaeleza kuhusu karatasi, baridi na upweke, mambo yasiyoandikwa popote.

Kuhusu urefu wa orodha, sina maneno mengi. Machi 2024, kati ya waombaji wasio raia waliosomea nje ya Marekani, takriban asilimia 58 ndio waliopata nafasi, wakati wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya udaktari (MD) vya huko walipita asilimia 93. Kwa hali hiyo msifute programu yoyote ambayo mngekubali kuliko kukosa kabisa, hata kama iko mji mdogo ambao hamjawahi kuusikia. Kinyume chake, msiandike mahali ambapo hamwezi kwenda, kwa sababu matokeo ni mkataba, na anayeuvunja bila ruhusa anaweza kufungiwa kushiriki Match. Nafasi za mwaka mmoja tu, hasa za upasuaji, ziandikeni mkijua kwamba mwaka ukiisha mtatafuta upya, na viza nayo itategemea hilo. Wanandoa wanaopanga pamoja, kaeni mezani mzipange jozi zenu za programu, moja ya mume na moja ya mke, mkiwa macho wote wawili. Mmoja asimkubalie mwenzake kwa kumhurumia.

Jambo la mwisho ni la saa. Orodha kwa kawaida hufungwa saa tatu usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, yaani saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata Dar es Salaam na Nairobi. Kuhifadhi orodha peke yake hakutoshi. Lazima uithibitishe, na kila unapobadilisha chochote uithibitishe tena mpaka uone alama ya kwamba imethibitishwa. Fanyeni hivyo siku tatu kabla, mchana, umeme ukiwepo, mpige picha ya skrini, na usiku wa mwisho mlale.

Mzee wenu wa udaktari, anayewaombea heri Machi hii.