Barua kwa mwanangu juu ya kitasa cha kisanduku chenye kuta nyembamba

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako nimeipata pamoja na mchoro, na mchoro nimeutazama kwa muda mrefu zaidi kuliko maneno, kwa sababu humo ndimo lilimo swali lenyewe. Una oda ya visanduku vya mninga vya kuwekea vidani na hati, kuta zake zina unene wa milimita 6 tu, na mteja anataka kila kimoja kifungwe kwa ufunguo, bila kufuli la kuning'inia mbele. Umechora kitasa cha dukani kikiwa kimechimbiwa ndani ya ubao wa mbele, kama inavyofanywa kwenye makasha makubwa. Nakuomba usikichimbie. Nitakueleza sababu, kisha nitakueleza kitasa ambacho ningependa ukitengeneze kwa mikono yako.

Makasha ya njumu uliyoyaona tangu utotoni ni ya mbao nene. Fundi wa kasha hupata nafasi ya kupiga patasi, akakilaza kitasa ndani ya ubao, na bado ubao ukabaki na nguvu mbele na nyuma yake. Katika ubao wa milimita 6, kitasa chenye unene wa milimita 4 kinakuachia milimita 2 za mti, tena mti uliokwisha kukatwa nyuzi zake, nao utapasuka mara mtu atakapouzungusha ufunguo kwa haraka. Skrubu nazo hazikuokoi. Skrubu inayoingia milimita 4 au 5 ina mizunguko michache mno ya kushikilia, na kila anayevuta kifuniko kikiwa kimefungwa anaing'oa taratibu kwa kuivuta moja kwa moja kuelekea ilikotokea.

Jambo hilohilo limo katika matranka ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mara nyingi utakuta kufuli zima kabisa, lakini tumbuu, yaani kile kipete kinachopitishiwa kufuli, imeng'oka pamoja na ribiti zake, na bati limebaki na matundu yaliyochanika. Aliyelitengeneza tranka alishughulikia kufuli, bati hakulishughulikia. Ribiti hizohizo, kama zingewekewa kwa ndani kipande cha bati nene chenye upana wa kiganja, zingedumu miaka, kwa kuwa mvuto ungesambaa juu ya eneo pana badala ya kulemea tundu moja dogo. Ukuta mwembamba una nguvu ndogo sana katika unene wake, lakini una nguvu nyingi katika upana wake, nasi tutumie huo upana.

Kwa hiyo usichimbe chochote. Kata mabamba mawili ya shaba njano yenye unene wa milimita 1, moja likae nje ya ubao wa mbele na jingine ndani, na ubao ubanwe katikati. Yashone kwa ribiti nne za shaba zenye kipenyo cha milimita 1.5, zipite bamba la nje, ubao, na bamba la ndani. Panua midomo ya matundu kidogo pande zote mbili, kisha ugonge ribiti mpaka zijae humo, na umalizie kwa tupa laini hadi zilingane na bamba. Bamba la nje litakuwa pia pambo la tundu la ufunguo, na hapo una uhuru wa kulikata umbo lolote upendalo. Mimi ningelifanya pana kuliko urembo unavyotaka, kwa sababu kila milimita ya upana wake inasaidia ubao. Gonga ribiti kwa mapigo mengi mepesi. Pigo moja zito litaufanya mninga upasuke kufuata nyuzi zake, na ufa wa namna hiyo huonekana baada ya vanishi, wakati ambapo huna tena la kufanya.

Sasa tuje kwenye ulimi, yaani kile kipande kinachoingia tunduni ili kufunga, ambao ndio kiini cha kitasa. Katika mchoro wako ulimi unatoka kwenye kifuniko ukielekea nje, na kuingia ndani ya tundu la ubao wa mbele. Fikiri nini kitatokea mtu akiingiza ncha ya kisu kati ya kifuniko na ukuta. Ubao wa milimita 6 utapinda kuelekea nje kwa urahisi, na ukipinda milimita 2 au 3, ulimi umekwisha kutoka katika tundu lake bila ufunguo. Ulimi wa kisanduku chembamba usielekee nje hata kidogo. Na utembee sambamba na ukuta, kutoka kushoto kwenda kulia. Chini ya kifuniko shikiza tumbuu, yaani kibamba kidogo cha shaba chenye unene wa milimita 2 na upana wa milimita 8, kinachoshuka ndani ya kisanduku kikiwa kimeupa ukuta ubavu wake, na kiwe na tundu ambalo ncha ya ulimi itapita. Ulimi ukishapita, una shaba mbele yake, nyuma yake na juu yake. Mtu akiupinda ukuta, ulimi hauwezi kuponyoka kwa sababu tumbuu yenyewe inauvuta ukuta urudi mahali pake. Hapo kifuniko na ukuta vinasaidiana, na huo ndio msaada ambao ubao mwembamba unauhitaji kuliko chuma kinene.

Ulimi wenyewe ukate kutoka bamba la milimita 2, upana milimita 12 na urefu wa kama milimita 45, uteleze katika vishikizo viwili vilivyoribitiwa kwenye bamba la ndani. Uwe na pengo katika ukingo wake wa chini, ambamo jino la ufunguo litaingia na kuusukuma. Hapa nakuomba ufanye hesabu kabla ya kushika msumeno, kwa sababu mafundi wengi hukisia, kisha wanashangaa ulimi unapotembea nusu ya safari. Tuseme jino linafika milimita 7 kutoka kitovu cha ufunguo, na ukingo wa chini wa ulimi upo milimita 5 juu ya kitovu hicho. Kipeo cha pili cha 7 ni 49, cha 5 ni 25, tofauti yake ni 24, na kipeuo chake ni karibu 4.9. Maana yake ni kwamba ncha ya jino iko ndani ya eneo la ulimi kwa safari ya milimita 9.8, nusu kila upande wa kitovu. Toa milimita 2 au 3 za nafasi ya jino kucheza ndani ya pengo, nawe unabaki na mwendo unaotosha ulimi kusafiri milimita 6. Kati ya hizo, 2 zitapotea katika unene wa tumbuu, 1 au zaidi katika nafasi kabla ya kuifikia, na zilizobaki zitatokeza upande wa pili. Ukiinua ulimi milimita moja tu zaidi, uwe 6 juu ya kitovu, ncha inabakiwa na safari ya milimita 7.2, na ukishatoa nafasi ya kuchezea, kitasa hakifungi sawasawa. Ndiyo sababu nasisitiza penseli kabla ya tupa.

Ulimi usiozuiwa na kitu utateleza wenyewe kisanduku kikitikiswa, kwa hiyo unahitaji kizuizi. Tengeneza utepe wa shaba uliolazwa juu ya ulimi, umeshikwa upande mmoja, na upande wa pili una dirisha dogo ambamo pini iliyopigwa kwenye ulimi inapita. Ufunguo ukizunguka huuinua kwanza utepe huo, pini ikapata njia, kisha jino likausukuma ulimi. Kwa hiyo jino liwe na ngazi mbili, moja ya kuinua na nyingine ya kusukuma. Vizuizi vya zamani vya namna hii viliridhika vikiinuliwa tu, hata kupita kiasi, na waya wowote uliopindwa uliweza kuvifungua. Mwaka 1778 Mwingereza Robert Barron aliliondoa tatizo hilo kwa wazo ambalo hata leo halijazeeka: dirisha likawa na meno juu na chini, hivyo kizuizi kikiinuliwa kidogo mno kinazuia, na kikiinuliwa mno pia kinazuia. Kwako wewe kizuizi kimoja cha aina ya Barron kinatosha. Badilisha kimo cha ngazi ya kuinulia kwa nusu milimita kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, na funguo za jirani hazitafungua visanduku vya wenzao.

Usiongeze vizuizi zaidi, hata kama mteja atakushawishi. Kisanduku unachoweza kukibeba kwapani hakilindwi na kitasa dhidi ya mwizi, kwa kuwa mwizi atakichukua chote na kukivunja nyumbani kwake. Hata kitasa cha Mwingereza Joseph Bramah, kilichowekwa dirishani London kwa miongo mingi kikiwa na zawadi ya gini 200 (sarafu za dhahabu za Kiingereza za zamani) kwa atakayekifungua, kilifunguliwa mwaka 1851 na Mmarekani Alfred Charles Hobbs baada ya kukishughulikia kwa kipindi cha siku 16. Kitasa chako kina kazi nyingine, nayo ni ya heshima: kumzuia mtoto, mgeni mdadisi, au ndugu anayependa kusoma hati zisizo zake, na kumhakikishia mwenye kisanduku kwamba hakijaguswa. Mweleze mteja hivyo waziwazi kabla hajalipa. Nalitaka jambo hili kwako kuliko usafi wa tupa yako.

Umeuliza pia kuhusu sumaku, yaani ulimi wa chuma uliofichwa ukivutwa na sumaku kutoka nje, bila tundu lolote. Kwa kuta nyembamba wazo hilo lina mantiki, maana mti hauzuii sumaku, na nguvu yake hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo wembamba wa ubao unakuwa faida. Hata hivyo silipendi kwa oda hii. Sumaku yoyote yenye nguvu ya kutosha itakuwa ufunguo. Zaidi ya hapo, vile visumaku vidogo vya neodimiamu ni hatari katika nyumba yenye watoto: mtoto akimeza viwili, vinaweza kuvutana ndani ya tumbo, vikabana utumbo na kuutoboa. Sitaki kitu hicho kitoke katika karakana yako.

Jambo la mwisho la kiufundi ni hali ya hewa, ambayo wewe uliyeko Dodoma unaweza kuisahau. Mninga unasifiwa kwa utulivu wake, na sifa hiyo unaistahili, lakini ubao wa mninga wenye kimo cha milimita 70 bado unaweza kupanda au kushuka nusu milimita au zaidi kati ya ukavu wa huko na unyevu wa masika ya pwani. Kisanduku kikisafiri kutoka kwako kuja huku, ulimi na tumbuu havitabaki katika mstari uleule. Kwa hiyo tundu la tumbuu liwe refu kuliko ulimi kwa milimita 1 kwenda juu na 1 kwenda chini, wala usione aibu kwamba kifuniko kitacheza kidogo. Kifuniko kinachocheza kidogo huku kimefungwa ni bora kuliko ufunguo unaokataa kuzunguka mwezi Aprili. Usichanganye chuma na shaba mahali popote ndani ya kitasa, kwa sababu hewa ya chumvi itakila chuma kwanza, na kutu itaupaka mninga madoa meusi. Hata springi ya kurudisha kizuizi itoke kwenye shaba njano: chukua utepe wa milimita 0.4, ugonge ukiwa baridi hadi uhisi umekuwa mgumu na unarudi wenyewe, na usiupeleke tena motoni, kwani moto utaulainisha.

Kifuniko cha kitasa kwa ndani kishikwe na skrubu mbili ndogo za shaba, si ribiti, ili fundi mwingine aweze kukifungua baada ya miaka akasafisha vumbi au akabadilisha springi.

Anza kwa kukata sehemu zote kutoka karatasi ngumu, ukubwa mara tatu, uzibane kwa pini juu ya ubao na uuzungushe ufunguo wa karatasi mpaka uone kila sehemu inavyoisukuma nyingine. Kisha tengeneza kitasa kimoja tu cha shaba, ukifunge kwenye kipande cha mninga kilichobaki, umpe mtu asiyekijua akifungue na kukifunga huku ukitazama mkono wake unakosita. Katika mchoro wako hukuandika unene wa kifuniko, na bila huo siwezi kukwambia tumbuu iribitiwe moja kwa moja au iwekewe kwanza kipande cha mti mgumu kwa ndani. Niandikie unene huo, pamoja na aina ya bawaba uliyokusudia kutumia, maana bawaba nazo zitashikwa na ukuta uleule wa milimita 6.

Wasalaam,

Mama yako